Unga Uliocheza Juu ya Shafti

Jumatano, 11 Novemba 1998
Shafti ya boti ya Mpundu iko mezani kwangu tangu asubuhi. Anataka nihakikishe haina ufa, maana kesho anapeleka watu Chienge — na Priscille, mke wangu, ni mmoja wao. Dada yake Dorica amejifungua huko. Nimetoa sumaku yangu ya umeme, kitu pekee nilichokimbia nacho kutoka karakana ya Likasi. Nikaichomeka ukutani, nikanyunyiza unga wa chuma. Ule unga! Umeme wa ukutani ni mkondo geu, unageuka huku na huku bila kupumzika, basi chembe zinatetemeka, zinatambaa, kama chisense, dagaa wa ziwa letu, wakifuata taa. Nikasahau chai. Penye ufa zingejipanga mstari. Hazikujipanga popote. Mpundu kaniuliza kama sitajaribu na betri pia. Nimemwambia haina haja. Kusema kweli, kwa betri unga unalala tu, hauna raha.

Alhamisi, 12 Novemba
Wameondoka. Priscille hakuwa na wasiwasi — shafti nimeikagua mwenyewe. Ziwa jeupe, limetulia. Nimekaa ufukweni mpaka sauti ya injini ikaisha. Furaha ya kijinga tu.

Ijumaa, 13 Novemba
Michée, fundi wa kulehemu, kaja kuazima msumeno. Nikaisifu shafti ya Mpundu. Kacheka.

“Ule ufa wa zamani nilifunikaka na sudire, papa Nkulu, nikalainisha muzuri. Hakuna mutu atauona tena.”

Ufa bado uko, chini ya ulehemu. Mkondo geu unatembea kwenye ngozi ya chuma, ndani hauingii! Nalijua hilo miaka ishirini. Betri, ambayo mkondo wake haugeuki, pengine ingeuona. Mimi nilikuwa naangalia ngoma ya unga. Naona aibu, na naogopa kuliko aibu.

Watu waliotoka Chienge wanasema boti ilifika salama. Inarudi kesho.

Jumamosi, 14 Novemba
Juu ya lori la Watson kwenda Chienge tangu alfajiri, niwahi kuwazuia kabla hawajaondoka. Pancha — nusu ya njia! Watson anasema subira. Jeki hana.

Ziwa liko hapo chini, la buluu, zuri mno, siwezi hata kulichukia. Kisha nikaisikia injini. Boti ya Mpundu, inakwenda kusini, inarudi kwetu, inanguruma bila kasoro. Nimeteremka mpaka majini, nimevua shati, nimepunga, nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Priscille kaniona. Kasimama, kanipungia mikono miwili, anacheka.

Boti haijapunguza mwendo.