Taa Niliyoiwasha Jumapili

Jumanne, 2 Julai 1996

Macho tena. Leo kituoni nilisoma mizani mara mbili, bado tarakimu zinacheza. Mkulima mmoja wa Ngulyati akaniangalia kwa jicho baya — alidhani namwibia! Sikumlaumu. Siku hizi kampuni za kununua pamba zimejaa kila kona, na karani wa mizani haaminiki hata akiapa.

Nikapita zahanati kwa Constantine. Kanifunua kope, kaniuliza maswali mengi. Nilitegemea aseme vumbi la pamba. Wapi! Anasema ni televisheni. Eti, Masalu, unafunga madirisha yote, unakaa kwenye giza totoro, unakodolea kioo kinachong'aa saa tatu mfululizo, jicho lisichoke? Dawa yake ni taa ndogo nyuma ya televisheni, itazame ukutani. Taa yenyewe nisiione, nione mwanga wake tu. Nilimcheka. Nimefuata dawa ya matone, napewa balbu.

Lakini nisipofunga madirisha nitaona nini? Jua la hapa linameza picha yote.

Mtoto ametimiza wiki mbili leo. Bado kidogo mno, alizaliwa kabla ya siku zake. Nyamizi na mama yake wanapokezana kumlaza kifuani, mwili kwa mwili, wamemfunga na kanga asipoe. Mama mkwe ametoka Shishiyu kwa kazi hiyo tu. Analala jikoni, uani. Nikitaka kupita nakohoa kwanza, ajitenge. Yeye akitaka kupita anamuuliza Nyamizi kama nipo. Wiki mbili sijamwona uso, nasikia harufu ya ugoro wake tu! Ndivyo inavyotakiwa, mkwe na mkwe hawaonani. Na uani kwetu ni padogo, kwa hiyo tunajitahidi kweli.

Alhamisi, 4 Julai

Fundi Marcelo amekuja. Amekata kopo la mafuta ya kula, ametia balbu ndani, ameiweka nyuma ya televisheni. Swichi ameivuta mpaka kwenye kiti changu. Nikawasha jenereta, nikajaribu peke yangu. Kweli bwana! Ukuta una chokaa mpya, mwanga umetandaa taratibu, picha imetulia, macho hayawashi. Chumba chote kinaonekana, mpaka gunia lililo nyuma ya mlango. Constantine si mjinga.

Nimemwambia Masunga, bosi wetu wa ununuzi. Mtu wa Mwanza, televisheni yake ni kubwa kuliko yangu mara mbili. Hajawahi kusikia kitu kama hicho! Nimemkaribisha Jumapili baada ya misa. Kasema atakuja na wenzake wawili. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Ijumaa, 5 Julai

Tumeangalia kanda ya kwaya alasiri. Taa sikuiwasha — naitunzia wageni. Nyuma ya mlango mtu alikuwa anaitikia nyimbo kwa sauti ya chini. Harufu ya ugoro. Nimemuuliza Nyamizi ni nani yule. Kasema ni jirani. Haya.

Jumapili, 7 Julai

Aibu. Aibu tupu.

Mama mkwe alikuwemo. Nyuma ya mlango, juu ya gunia, miguu kainyoosha, kanga ya kujitanda imeshuka mpaka kiunoni, mtoto kalala kifuani. Nimewasha taa nimemwona. Masunga kamwona. Wenzake wamemwona. Hakuweza kujifunika, mtoto kafungwa palepale. Aligeuza uso ukutani tu. Nikazima. Ya nini? Tulishaona.

Masunga akasema taa nzuri, akaaga. Soda hakumaliza.

Sikujua kama yumo. Mungu shahidi, sikujua.

Jumatatu, 8 Julai

Ameondoka asubuhi. Lori la pamba linalokwenda Maswa, upande wa kwao. Hakunywa hata uji. Alimkabidhi Nyamizi mtoto, akajifunika kanga mpaka machoni, akapita nyuma ya nyumba.

Nyamizi analia. Anasema mama yake hajawahi kuona picha zinazotembea, na alizipenda zile kwaya mno. Kwake giza lilikuwa sawa na pazia. Wewe upo kule, yeye yupo huku, heshima imekaa pale pale. Alikuwa anaingia baada yangu na kutoka kabla yangu. Tangu wiki iliyopita!

Kituoni wameshajua. Mzee mmoja kaweka mfuko wake kwenye mizani, kaniuliza: "Wewe ndiye mwenye taa?" Foleni nzima ikacheka. Niliandika uzito vibaya, nikafuta, nikaandika tena.

Jumanne, 9 Julai

Shija kaja kutoka Shishiyu, kaka yake Nyamizi. Hakutaka kukaa. Kasema wazee wanauliza jambo moja tu: "Shemeji, ulijua au hukujua?" Kama hukujua, ni bahati mbaya. Mbuzi mmoja anafuta aibu, mama anarudi. Kama ulijua, hiyo ni dharau, na dharau haifutwi na mbuzi. Hapo hatakanyaga kwako tena, hata ukizaa watoto kumi.

Nikajibu: sikujua. Nilijibu upesi, hata yeye alikuwa hajamaliza kusema.

Kaondoka na mbuzi wangu jike, yule mweupe. Nilichagua aliye bora.

Alhamisi, 11 Julai

Sikwenda kazini. Nyamizi ana homa tangu jana. Mtoto ananyonya kidogo, anaacha, miguu yake ilikuwa baridi alfajiri. Nimevua shati, nimemfunga kifuani mwangu mimi. Asubuhi nzima. Mzito kama mkate tu. Naogopa hata kupumua kwa nguvu. Constantine kaja kumwona. Kasema mtoto asiachwe peke yake hata dakika, na mama apumzike. Kauliza bibi yake yuko wapi. Nikasema amesafiri.

Mchana Nyamizi kaniita kitandani. Kasema: "Ulikohoa."

Lini?

"Jumapili. Kanda ilipokwisha, kabla hujawasha. Ulikohoa kile kikohozi chako cha uani."

Akasema yeye alikuwa ukumbini na alisikia. Mama alikuwa karibu zaidi. Kisha akaomba uji.

Basi. Niandike sasa. Niliandika uongo hata humu, na humu hakuna anayesoma ila mimi. Nilijua. Nilijua tangu Ijumaa, kwani jirani gani anavuta ugoro na kuogopa kuniamkia? Jumapili nilianza na kanda moja gizani ili waone tofauti, na Masunga alikuwa anapiga miayo, anaangalia saa yake. Kanda ya pili ilikuwa haijawekwa. Nilipaswa kumwita Nyamizi, amtoe mama yake kwanza. Nikaona haya! Nikaona wataniona mshamba, nina televisheni na nina mkwe mafichoni. Nikakohoa. Nikahesabu moja, mbili. Nikajiambia nimeshamwarifu, shauri yake. Nikawasha.

Sikujua kwamba kanga imeshuka, hilo ni kweli. Lakini kifuani pake alikuwa ameshika nini? Mtoto wangu. Angewezaje kusimama kwa kuhesabu mbili?

Jicho linaniuma na sijaangalia televisheni siku nne.

Ijumaa, 12 Julai

Homa ya Nyamizi imeshuka kidogo. Mtoto vilevile. Nimemwambia Nyamizi nitakwenda Shishiyu mwenyewe, nikaseme ukweli. Kaniangalia. Kasema: ukisema ukweli mama harudi, wazee hawatamruhusu. Kaniuliza nani atambeba huyu. Nikakaa chini.

Lori la kwenda huko lilipita saa tisa. Nililisikia.

Jumamosi, 13 Julai

Amerudi!

Lori lilisimama saa nne. Mimi nikaingia chumbani, nikafunga dirisha. Nilimsikia uani, Nyamizi anamwamkia kwa Kisukuma, wangaluka mayu, huku analia na kucheka. Kachukua mtoto palepale, kamsugua miguu, kamlaza kifuani. Baada ya saa moja mtoto alinyonya mpaka akalala mwenyewe. Nyamizi kaja kuniambia mlangoni. Nilifurahi kweli.

Halafu Shija akanieleza yaliyokuwa huko. Wazee walimuuliza mama mbele ya watu. Naye akasema: "Mkwe wangu hakujua. Mimi ndiye niliyekosa kwa kuingia sebuleni kwake." Alisema mara moja tu. Wazee wakafunga shauri. Una bahati shemeji, Shija ananiambia, na ananipiga bega.

Kisha akaenda kwenye lori akamshusha mbuzi. Mweupe. Yuleyule.

Mama amesema arudishwe, anasema Shija. Kama mkwe hakukosa, mbuzi anafuta nini? Shija anaona ni ukarimu, ananicheka kwamba nimepata mkwe, mtoto na mbuzi kwa siku moja.

Mimi nimeelewa. Alinisikia nikikohoa. Amekuja kwa ajili ya mtoto, amesema uongo wangu mbele ya wazee kwa mdomo wake, na mbuzi wangu amemkataa, kwani dharau haifutwi na mbuzi.

Nimemwomba Nyamizi ampelekee maneno yangu jikoni. Amekataa. Kasema: "Kaseme mwenyewe. Ukuta upo, atakusikia." Nimefika mpaka kona ya nyumba. Kukohoa kumenishinda! Nimesimama pale kama mwizi wa kuku, nikarudi.

Sasa Shija amesimama uani, kamba mkononi. Anauliza mbuzi amfunge wapi. Ni mara ya tatu anauliza. Nimemwambia asubiri, kuna kitu naandika.