Nilimwambia chuo cha serikali ndicho chenye heshima

Mama Damaris mpendwa, nakusoma kila wiki kwenye simu nikiwa hapa Doha na sikudhani ipo siku nitakuwa mimi wa kukulilia, maana nimeolewa juzi tu, hata picha za harusi hazijatoka zote, na nimeolewa na mwanamume ambaye nikisikia mlango wa gari lake ukifungwa moyo wangu unaruka kama wa msichana wa shule. Yeye ni mtu wa kompyuta katika ofisi moja mjini, mimi nafanya kazi hotelini, tunakaa Umm Salal, nje kidogo ya mji, na kila jioni akitoka kazini huninunulia chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, akaipuliza kwanza nisiungue ulimi. Nani mwingine hupuliziwa chai, Mama Damaris?

Ana binti, nitamwita Chelsea, aliyesomea hapa hapa katika shule ya kimataifa. Mama yake alifariki zamani, na tangu nije alikuwa akiniita Auntie, kwa adabu lakini kwa mbali, mpaka alipopata nafasi mbili Marekani, moja katika chuo cha kibinafsi kule kaskazini na nyingine katika chuo cha serikali Alabama, kusini, akaja jikoni nikikanda unga wa chapati akasema, "Mama, wewe ungechagua gani?"

Mama. Nilitamani kumkumbatia na unga wangu mikononi. Akanieleza kwamba kule kusini siku ya mechi uwanja mzima huimba pamoja, na watu husalimiana njiani hata kama hawajuani, "na mimi nimekuwa Mkenya wa pekee darasani tangu utotoni, nimechoka kuangaliwa," lakini kusema kweli sikusikiliza sana, nilikuwa bado nalisikia lile neno, nikamjibu kama nijuavyo mimi niliyeishia kidato cha nne, kwamba kwetu mtoto aliyepita vizuri huitwa chuo cha serikali, cha kibinafsi ni cha aliyekosa pointi na baba yake ana pesa. Akacheka, akasema Marekani si hivyo. Nikamwambia, "Serikali ni serikali, mwanangu."

Kesho yake akawaandikia wale wa kaskazini kwamba haendi, na mimi Ijumaa, ndiyo siku yetu ya kanisa huku, baada ya ibada nikawatangazia wanawake wote kwa majivuno, mpaka mmoja wao, Terry, akanivuta kando. "Wewe bibi arusi, hicho alichokataa hata watoto wa mabalozi hukililia."

Mume wangu alipojua hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alikuwa amekwisha kuwaambia ndugu zake wote kuhusu kile cha kaskazini. Aliuliza tu, "Chelsea, nani alikushauri?" Mtoto akanitazama, nami nikainamia sahani, akasema, "Hakuna, Baba. Ni mimi." Tangu hapo hawaongei, chai bado inaletwa ila inawekwa mezani tu, haipulizwi, na mimi nimerudi kuwa Auntie. Nampenda mume wangu jamani, naogopa akijua ataniona mjinga niliyemharibia mtoto. Nimwambie, ama nimsihi Chelsea awabembeleze wale wa kaskazini mambo yaishe kimyakimya?

Bibi arusi, Umm Salal

*

Bibi arusi, hongera kwa ndoa, na pole. Sasa keti nikuambie.

Kwanza acha kujipa ukubwa. Mtoto alikucheka, akakwambia Marekani si hivyo, halafu akachagua kusini. Hakufuata pointi zako. Sababu zake alikupa pale jikoni, na umeziandika mwenyewe katika barua hii bila kuziona: amechoka kuwa wa pekee. Wapo vijana wengi wanaoacha majina makubwa kwa sababu kama hiyo, wanatafuta mahali pa kuishi, si jina la kuning'iniza ukutani. Huenda amekosea. Lakini alifikiri, na hakuna mtu mzima nyumbani humo aliyetaka kujua alichofikiri. Baba aliuliza nani, hakuuliza kwa nini.

Ushauri wako wa jikoni utasameheka. Kilichoniuma ni ile sahani. Msichana asiye na mama alisimama mbele ya baba yake akakukinga wewe, nawe ukaendelea kula. Alikuita Mama, kisha ikabidi kazi ya mama aifanye yeye.

Usithubutu kumtuma akabembeleze watu wa kaskazini, huko ni kumbebesha kosa lako mara ya pili. Leo mkiwa mezani wote watatu, Chelsea akisikia, sema: "Aliniuliza mimi, nikamjibu nisichokijua, kisha nikamwacha alaumiwe peke yake." Usilie ili ubembelezwe. Kisha mwombe mumeo amuulize binti yake kwa nini, na safari hii nawe usikilize mpaka mwisho. Mwanamume anayempulizia mkewe chai hawezi kushindwa kumsikiliza mwanawe.

Kuhusu lile neno Mama, usilidai. Mfundishe kukanda chapati kabla hajasafiri. Huko Alabama atazipika, wenzake watamuuliza nani alimfundisha, na hapo mwache ajibu apendavyo.