Nani Anamsuka Ryabina

Zaborye, kando ya mto Pinega
Jumapili, Februari

Kwako kaka yangu Saveli,

Pokea salamu nyingi kama theluji ya paa letu, ambayo juzi niliikwangua peke yangu, uliza mtu yeyote. U mzima huko kwenye visima vya gesi? Vidole vya miguu bado ni kumi? Bibi ameniamuru nikuulize kama unaivaa fulana ya sufu aliyokufumia. Mimi nakujua, kwa hiyo nimeshamjibu kwamba unaivaa hata usingizini. Sisi huku hatujambo kwa afya. Ila mwezi huu hapa nyumbani kila mtu amekuwa akimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, na jambo hilo ndilo lililonishikisha kalamu, mimi niliyeagana na shule darasa la nane kwa amani ya pande zote mbili.

Kwanza ujue kwamba baba alikubali kumuuza Ryabina. Ndiyo, farasi jike yuleyule wa marehemu mama, aliyekuwa akivuta mifuko ya barua kutoka kijiji hadi kijiji. Shauri lilikuwa langu, sikatai. Mwaka mzima nilimwambia baba kwamba farasi wa miaka kumi na saba anakula nyasi nyingi kuliko kuni anazovuta, wakati pikipiki ya theluji ikilala haili kitu. Januari akachoka na kelele zangu, akapeana mkono na mzee Pankrat, mnunuzi wa farasi wa ng'ambo ya mto, kwamba aje kumchukua Jumapili ya leo. Farasi wa umri ule Pankrat huwapeleka wapi, unajua. Ndiyo maana soseji zake hatuli. Mimi nilijikaza nisifikirie habari za soseji, nikafikiria rangi ya pikipiki. Nilichagua nyekundu.

Sasa nikupe habari za vitabu, maana shaka yote ilianzia huko. Gari la maktaba linalopita juu ya barafu ya mto Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi lilimletea dada yetu Ustinya vitabu vitatu vinene, hadithi moja yenye kuendelea, na wanawake wa kijiji wamepagawa. Wanavipangia zamu kama dawa. Ni habari za msichana anaitwa Yarina, binti wa mchonga mitumbwi. Kwao baridi imekaa miaka saba, haitaki kuondoka, na wanaume wamekaa kando ya tanuri wakisubiri. Yarina anachukua shoka la baba yake anakwenda kuifukuza. Njiani anagombana na mbwa mwitu, na wafu, na mchumba aliyemfuata kumrudisha nyumbani, na huyo mchumba ndiye anayepigwa zaidi.

Kila jioni baada ya chakula Ustinya anasoma kwa sauti. Bibi anasikiliza huku akifuma na kukosoa. Eti msichana anatembea kichwa wazi kwenye baridi ya nyuzi arobaini, masikio yake ni ya bati? Eti tangu ukurasa wa kwanza ana shoka mkononi na hajapasua kuni hata moja. Bibi alisema aliyeandika kitabu hiki hajawahi kwenda kukojoa nje mwezi wa Januari. Ustinya alipofunga kitabu kwa hasira, Bibi akamwuliza nani amemwambia afunge. Akasema maisha yake yote ameamriwa na baridi, lini alime, lini azike watu, na huyu binti ndiye wa kwanza kumwona akiiamrisha baridi, kwa hiyo asome tu, masikio ni ya kwake mwenyewe.

Baba yeye alikuwa akikaa ametugeuzia mgongo, anashona mkanda wa hatamu ya farasi, anaguna. Alisema vitabu hivi vitamfanya binti adhani shoka ni la kumtishia mume. Ustinya akamjibu kwamba inategemea mume. Mimi nilikuwa nalala juu ya tanuri nakoroma, mambo ya wasichana hayanihusu. Ila jicho langu ni kali, unanijua: niliona kwamba baba anashona mkanda uleule kwa wiki tatu.

Jioni moja walifika mahali ambapo jirani anamwibia Yarina farasi wake, na Bibi akakatiza kusoma. Akasema mwandishi amesahau jambo ambalo hata mjinga analijua. Farasi aliyependwa na Babu wa Nyumba, yule kizee mwenye manyoya anayeishi nyuma ya tanuri, huwa anasukwa na Babu mwenyewe singa za shingoni, na farasi aliyesukwa hauzwi wala haibiwi. Atakayemtoa nje ya ua, tanuri lake halitashika moto tena. Baba akaguna. Mimi nikakoroma kwa nguvu zaidi ili Bibi ajue maoni yangu.

Jumamosi iliyofuata Ryabina alikutwa amesukwa misuko mitatu.

Nilimshukia Ustinya palepale. Nikamwambia Yarina wa bandia, pikipiki yangu huninyang'anyi kwa ujanja wa kitabu. Akaapa si yeye, akaniita kichwa cha kabeji. Nikaifumua ile misuko mbele ya wote nione kama nitakufa. Sikufa, ila Bibi alinichapa kwa kitambaa cha sahani mpaka nikatamani. Naye nikamtilia shaka, maana alichapa kama mtu anayetetea kazi ya mikono yake.

Nikaweka mtego. Jumamosi ya pili nilimwaga majivu mlangoni kwa farasi, na jioni nikakuta nyayo safi kabisa za viatu vya sufu. Nilifurahi kama mpelelezi hadi nilipoingia ndani nikaviona viatu vyetu vya sufu vimepangwa mstari mmoja kando ya tanuri, na kila anayetoka nje anavaa vilivyo karibu. Nyayo zilikuwa za viatu nilivyovivaa mimi. Na misuko sasa ilikuwa mitano.

Ndipo nikatumia akili, ambayo walimu hawakuiona. Misuko hutokea Jumamosi tu, siku ya nyumba ya mvuke. Mimi na baba huoga kwanza, kisha Bibi na Ustinya huingia na kukaa humo saa nzima wakisengenya. Kabla hawajaingia singa zimefumuliwa, wakitoka zimesukwa. Basi si wao. Baba wakati huo huwa mtoni anavunja barafu kwenye shimo la maji. Nani amebaki? Kaka, sitaki kusema niliogopa. Nasema tu kwamba wiki ile sikupita nyuma ya tanuri bila kusema samahani.

Jana ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Nilitoka kuoga, nikajifanya nimelala, wanawake walipoingia kwenye mvuke nikakimbia nikajifukia kwenye nyasi kavu juu ya dari ya zizi. Nikaona nilichokiona.

Leo adhuhuri Pankrat amekuja. Ameingia zizini na hatamu, ameishika kwa pindo la koti, maana kwa desturi farasi wa kuuzwa hapokewi kwa mkono mtupu, akaona misuko saba, akasimama. Akauliza kazi ya nani. Ustinya akasema si yake. Bibi akafanya ishara ya msalaba. Baba anatazama chini, mkono ameshatoa na mtu wa aina yake hawezi kuurudisha. Pankrat akacheka. Akasema kumbe hata huku vitabu vya mabinti vimefika, mke wake naye siku hizi hapiki. Akatoa kisu aikate.

Nikasema asikate. Nikasema nimemwona Babu wa Nyumba kwa macho yangu, jana, akisuka.

Pankrat akanitazama kutoka kofia hadi viatu, akasema, “We Tihon, uongo wako unavuka mto kabla barafu haijashika.”

Nikamwambia ni kweli mzee, lakini pikipiki ilikuwa inunuliwe kwa fedha za farasi huyu, iwe yangu mimi, kijiji kizima kinajua. Nimdanganye nani ili nikose pikipiki yangu mwenyewe?

Hapo akafikiri. Alifikiri mpaka pumzi yake ikagandia kwenye masharubu. Akakunja kisu, akasema yeye haamini mambo haya, ila hana haraka ya kuhakikisha, na mkono waliopeana na baba basi umeachiliwa. Bibi akampa kipande cha mkate wenye samaki, akaondoka.

Sasa wewe nakueleza kweli, na barua hii uichome. Aliyeingia zizini jana alikuwa baba. Alivua glovu akaanza kusuka, vidole vile vinene, upesi, sawasawa, nikawa najiuliza vilijifunza wapi. Kisha nikakumbuka majira ya baridi ya mwisho ya mama, alipokuwa hawezi kuinua mikono, na bado kila asubuhi alitoka chumbani amesukwa vizuri. Mimi nilidhani ni Ustinya. Leo nimemwuliza Ustinya kwa mbali, yeye alidhani ni Bibi.

Na huku anasuka alikuwa anamsimulia Ryabina kitabu. Sura nzima ya juzi, kwa sauti ya chini, Yarina alivyosimama mbele ya baridi akaiambia hapa hutoki na mtu wa kwetu. Alikosea mahali, alisema shoka lilivunjika mpini, na halikuvunjika, lilipasuka ncha. Nikajikuta nimefungua mdomo nimsahihishe. Basi nalo hilo nakiri: tangu kitabu cha kwanza sijakoroma kweli hata jioni moja.

Pankrat alipokwenda, baba alinikuta napasua kuni. Akaniuliza kama kweli nilimwona huyo Babu. Nikasema nilimwona, ana ndevu, ana mikono mikubwa. Akauliza kama alikuwa akisema chochote.

Nikamwambia sikusikia.

Akachukua shoka la pili, tukapasua wote mpaka giza likaingia.

Bibi anakusalimu na anasema usilale na soksi zenye maji. Ustinya anakusalimu, anauliza kama huko visimani kuna maktaba. Baba amesema niandike tu kwamba hajambo. Kesho alfajiri mimi na Ryabina tunaingia msituni kuleta kuni, kwa hiyo naweka kalamu chini. Kaa salama, utuandikie, nawe ukimwandikia baba usimwulize chochote.

Mdogo wako,
Tihon