Mabango ya Cuba Ukutani kwa Mama

Jumamosi. Baridi ya Julai, na mlima haujaonekana tangu asubuhi.

Nimerudi kwangu Pasua jioni hii, vidole vikiwa bado na rangi ya karatasi iliyolowa. Sina wa kumsimulia ya leo, basi naandika hapa.

Mdogo wangu Elia ameamua kupaka rangi nyumba ya mama kule mlimani, Kirua Vunjo. Sebuleni kulikuwa na mabango matatu ya serikali ya mapinduzi ya Cuba. Marehemu baba, aliyekuwa mwalimu, aliyapata bure kwa posta, yamekunjwa ndani ya jarida. Wale watu walikuwa wanatafuta marafiki Afrika, wakampata yeye. Akayabandika kwa uji wa unga, moja kwa moja ukutani.

Mimi natengeneza michoro ya kadi za harusi na fulana za misiba. Kazi hii niliipendea pale kwenye kochi, nikiwa mdogo, nikishangaa jinsi rangi mbili tu na umbo la mtu mwenye bunduki vilivyojaza chumba kizima. Najua sasa kwamba ilikuwa propaganda.

Bado yalikuwa mazuri.

Niliyalowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikaanza kubandua kwa kisu cha mezani. La kwanza likachanika. La pili pia.

"Dada, si karatasi tu hizo?" Elia akasema, brashi mkononi. "Ungezipiga picha."

Nilikuwa nimezipiga. Lakini picha siyo bango lenyewe.

Nikamgeukia mama, nikitaraji atanitetea.

"Mimi yule wa bunduki sikumpenda kamwe," akasema. "Miaka yote ananikodolea macho nikisali. Nilimwacha kwa sababu baba yako alikuwa akimfurahia."

Elia akacheka, nami nikacheka. Kisha nikatoka, nikalia peke yangu migombani.

Nilidhani tunamkumbuka baba pamoja. Kumbe kila mmoja ana wake.

Bango la tatu lilitoka vipande vipande. Elia akapaka nyeupe, nikateremka mjini.

Sasa hivi mama amepiga simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba.

"Ukuta umekuwa mweupe mno," akasema. "Nimekaa nisali, sijui niangalie wapi."

Nikamuuliza kama amekula.

"Bado. Na wewe?"

"Bado, mama."

Kesho nikitoka ibadani, napanda tena kwa mama.