Ufuo Aliouchagua Mama

Jumanne, Yamumbi

Eti sasa mimi ni bingwa wa fukwe za Ugiriki, na maji mengi zaidi niliyowahi kuona ni bwawa la ng'ombe.

Mteja wangu wa mtandaoni alitaka makala kuhusu ufuo bora katika kisiwa fulani kidogo huko. Kwangu picha zote za fukwe zake zilifanana. Nikamwonyesha Mama, aliyekuwa uani akigeuza mahindi kwenye turubai.

"Huu hapa," akasema. "Ni tambarare, jua linapiga siku nzima, na upepo upo. Mahindi yangekauka haraka sana."

Nikaandika hivyo hivyo, nikatoa mahindi tu.

Leo mteja amejibu kwamba inaonekana wazi nimewahi kulala pale. Halafu, Mungu wangu, amekata tiketi! Anampeleka mkewe huko kwa ushauri wangu.

Naogopa kidogo. Kama kuna mawe je? Mama hakuangalia mawe.

Nilipomwambia, hata hakuinua kichwa. "Basi mwambie abebe turubai."

Nimemwandikia. Amenishukuru sana, akasema jambo kama hilo hulijua mwenyeji peke yake.