Sauti Moja Chini ya Mlingoti

5 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mama anauliza kama dawa unazinywa au unazitazama tu. Ungekuwa na simu angekusumbua mwenyewe, lakini simu umeisusa, basi kazi ya kuandika imeniangukia mimi. Mdogo wangu Twiga amepata kazi ya fundi umeme. Kwa urefu ule, ngazi ya nini?

Habari kubwa: klabu imenichagua niongoze wikiendi ya redio mwaka huu. Watu sitini, Twiga akiwemo, mahema, jenereta, siku mbili uwanjani tukiita vituo vya mbali kana kwamba umeme na simu vimekatika kila mahali. Wazee wawili wamenuna. Mmoja akauliza, mwanamke akiongoza, nani atapika? Nikamjibu: "Wewe." Mbele yao nacheka. Mitambo naiweza. Kinachonitisha ni kusimamisha mlingoti wa antena. Wewe uliusimamisha miaka yote hiyo na hakuna aliyeumia hata kidole. Uliwezaje?

Mpwa wako


14 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Dawa nazinywa, na ni chungu kweli. Barua yako imenifurahisha mpaka jirani amekuja kuuliza kuna nini.

Sasa sikiliza. Mlingoti unapanda kwa kimya. Kamba zikianza kuvutwa, anasema kiongozi peke yake: vuta, legeza, shika. Wengine wote wafunge midomo. Kila mtu akipaza sauti yake, huyu atavuta, yule atalegeza, na mlingoti utawaangukia. Mwenye shida anyooshe mkono, angoje umwone. Atakayefungua mdomo mfukuze uwanjani, hata akiwa Twiga. Hasa Twiga, maana domo lake halina breki.

Jumamosi ya wikiendi yenu nitakaa kwenye redio yangu tangu asubuhi. Nataka niwe wa kwanza kuwasikia.

Mjomba wako


Jumapili, 23 Juni

Mpwa,

Salamu baadaye, leo nina hasira. Siku mbili nimesikia dunia nzima isipokuwa nyinyi. Mlingoti mmeusimamisha au mmeulalia? Niliwasifu kwa kila rafiki yangu hewani, sasa wananicheka. Naizima redio nikalale. Jieleze.

Mjomba wako


2 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika tukiwa tumeshamzika Twiga.

Mlingoti ulianguka Jumamosi asubuhi. Alifariki Jumapili mchana, hospitalini. Jioni ile mzee mmoja wa klabu alikuita redioni mpaka sauti ikamkauka. Hukujibu.

Nitakueleza, maana umetaka nijieleze. Nilisimama katikati nikitoa amri. Twiga alishika kamba ya upande wa mbele yangu. Nyuma yangu, kigingi cha kamba ya pili kilianza kung'oka. Yeye alikiona, na ndiye peke yake aliyekiona. Alinyoosha mkono. Wenzake wanasema aliunyoosha mpaka akasimama kwa vidole vya miguu, mkono mwingine bado umeng'ang'ania kamba. Mimi nilikuwa natazama juu, kwenye ncha ya mlingoti. Ulianguka upande wake.

Hakusema neno. Asubuhi ile nilikuwa nimemwonya mbele ya watu, nikitumia maneno yako: ukifungua mdomo nakufukuza. Akanipigia saluti, watu wakacheka.

Mjomba, sijui nifanye nini. Niandikie.

Mpwa wako


12 Julai

Mpwa wangu,

Kweli niliizima redio, na nimelia mpaka machozi yamekwisha.

Lakini sheria ile haina kosa. Imelinda watu miaka mingi. Kiongozi hatazami juu, anatazama mikono ya watu. Hilo ulipaswa kulijua. Na kigingi nani alikipigilia?

Mpe mama yako pole. Mguu hauniruhusu kusafiri.

Mjomba wako


24 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepata nafuu. Mwaka unakaribia kuisha tangu barua yako ya mwisho, na zangu zote hukuzijibu. Hii pia naituma.

Klabu ilinirudishia uongozi. Nilikataa, kisha nikakubali, kwa sharti moja: yeyote akiona hatari apige kelele "Simama!", na wote wagande hapo hapo. Jumamosi mlingoti ulikuwa umefika nusu, mwalimu mmoja mgeni akapiga kelele. Tukaganda. Tukaushusha wote, tukakagua kila kigingi. Kumbe alikuwa ameona mjusi akikimbia kwenye kamba. Watu walimcheka, akaona haya, akataka kwenda nyumbani. Nilimkumbatia nikalia kwa sauti mbele yao wote. Kelele moja tu, Mjomba. Kelele moja ingetosha.

Jioni nilikuita hewani kwa jina lako la redio. Rafiki zako wanasema wanaongea nawe kila siku, una sauti nzuri tu.

Mama hanilaumu. Ila kila asubuhi ananiuliza: mtoto wake yule, na domo lote lile, kwa nini hakupiga kelele? Nimekuwa nikimdanganya kwamba Twiga hakukiona kigingi. Siwezi tena. Njoo umjibu wewe. Ni dada yako.

Mpwa wako