Nyuzi Tatu za Unyayo wa Zuhura

Songea, bomani

Mama Zuhura, mke wangu,

Salamu zikukute mzima, wewe na mwanetu, na baba mkwe na mguu wake. Je, mafuta ya nyonyo yamemsaidia? Mimi mwili u mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio hauko sawa, na sababu utaijua sasa hivi. Shemeji, wewe unayemsomea dada yako barua hii, tafadhali usiruke mahali kwa kuona haya.

Nilikuambia nitarudi kiangazi hiki. Sirudi. Nimeona nikuambie mapema, usije ukafua mashuka bure.

Yule Mdachi mpima ardhi ninayemfanyia kazi alitaka karani mmoja wa hesabu wa kwenda naye huko kwetu Tanga. Wakati wote wa mvua alitufundisha, mimi na mwenzangu mtu wa Lindi, hesabu ya kutafuta kasi: kitu kinabadilika, nawe unatafuta kinabadilika upesi kiasi gani. Kuna namba huandikwa na nyingine ndogo begani mwake, kuonyesha inajizidisha mara ngapi. Kanuni yake ni nyepesi. Ile ndogo unaishusha mbele, na juu unaacha pungufu kwa moja. Niliizoea hadi nikawa naifanya huku natafuna muhogo.

Siku ya mtihani akatupa ya namna nyingine. Safari hii namba ya chini haibadiliki, ya juu ndiyo inayokwenda na wakati. Mwenzangu akakuna kichwa. Mimi kiherehere changu unakijua: nikaishusha ile ya juu, nikaacha pungufu kwa moja, nikaweka kalamu chini wa kwanza. Nilikwisha kujiona mlangoni kwako.

Mpima akaisoma karatasi yangu, akaniita dirishani. Ng'ambo ya kijito yako mashamba yaliyoachwa tangu vita. Wenyewe wengine wamekufa, wengine wamekimbia njaa.

"Lile pori," akasema, "mwaka huu linameza shamba kubwa kuliko mwaka jana. Kwa nini?"

"Kwa sababu lenyewe limekuwa kubwa, bwana. Mbegu zake ni nyingi zaidi."

"Basi kasi yake inatoka wapi?"

Hapo nikaona. Kitu cha namna ile, ukiitafuta kasi yake unakikuta kile kile, kimezidishwa tu kwa namba moja isiyobadilika. Hakuna cha kushusha. Jibu nililipata, lakini karatasi ilikwisha kutoka mkononi. Mwenzangu ndiye anayekwenda Tanga, na ndiye aliyekuletea barua hii. Mpe chai, yeye hana kosa.

Najuta, mke wangu. Ningetulia kidogo tu, ningekuwa njiani sasa.

Juzi nilizitoa zile nyuzi tatu ulizoniletea, mmoja kila mwaka, za kipimo cha unyayo wa Zuhura, nikazilaza mezani. Wa pili umeuzidi wa kwanza kwa upana wa vidole viwili. Wa tatu umeuzidi wa pili kwa chini ya kidole kimoja. Mtoto hakui kama lile pori. Kadiri anavyokuwa mkubwa ndivyo anavyopunguza mwendo. Kasi yake kubwa ilikuwa mwanzoni, na mwanzoni mimi nilikuwa huku, navuta mnyororo wa kupimia ardhi ya watu wasiokuwapo. Nililia, sikufichi.

Mama yangu mzazi mpe shikamoo yangu, umweleze taratibu. Msalimie baba mkwe, na somo yako aliyekufunda, na jirani yetu muuza maandazi, ambaye najua anasikiliza ukutani.

Viatu vya Zuhura nimeviagiza kwa mzee mmoja wa hapa anayeshona ngozi. Nimempa uzi wa tatu, nikamwambia aache nafasi kidogo mbele ya kidole gumba, maana mtoto anakua.

"Kidogo gani, baba?" akaniuliza. "Utafika kwako lini?"

Karani mzima wa hesabu, nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

Mumeo anayekuwaza,
Athumani